Msitu ukifungwa, anayelala ndani ya gari aende wapi?

Ndugu Mhariri,

Kila kiangazi cha Marekani, habari za misitu kuungua huwafikia wasomaji wa Kiswahili, na ndani yake huwamo mstari mmoja unaosema msitu fulani umefungwa kwa umma. Mstari huo husomwa kama habari ya utalii: wapanda milima wamekosa matembezi, familia zimeahirisha mapumziko. Tunaomba nafasi tueleze upande usioandikwa. Katika majimbo ya magharibi wako watu ambao msitu huo ndio makazi yao ya miezi ya joto. Wanalala ndani ya vani, trela, basi la shule lililogeuzwa nyumba, au gari dogo lililolazwa viti. Amri ya kufunga ikitoka, ni wao wanaotakiwa kuhama kwanza, na mara nyingi hawaambiwi wahamie wapi.

Ardhi yenyewe inahitaji maelezo kidogo. Mtanzania anajua kwamba TANAPA ya hifadhi za taifa si TFS ya misitu, na Mkenya anajua kwamba KWS ya wanyamapori si KFS ya misitu. Marekani ni vivyo hivyo. Hifadhi ya taifa kama Grand Canyon ina lango, kiingilio na kambi za kulipia. Msitu wa taifa uko chini ya Idara ya Misitu, na katika sehemu yake kubwa mtu anaruhusiwa kuegesha pembeni mwa barabara ya vumbi na kulala bure, kwa kawaida hadi siku 14, kisha ahame. Jangwani kuna ardhi ya serikali kuu inayosimamiwa na idara nyingine, BLM (Bureau of Land Management, yaani Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi), ambayo nayo kwa kawaida hutoa siku 14 katika kila siku 28. Aliyeshindwa na kodi ya nyumba anauhesabu mwaka wake kwa siku 14 hapa na siku 14 pale.

Mzunguko huo hufuata mwinuko wa ardhi. Wakati wa baridi watu hushuka jangwani. Karibu na Quartzsite, Arizona, BLM ina maeneo ya kukaa muda mrefu kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili, kwa kibali cha dola 180 kwa msimu mzima. Jua likianza kuchoma hupanda kwenda maeneo kama Flagstaff, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 2,100 hivi na kuzungukwa na msitu wa misonobari wa Coconino. Mchana wa Juni, Phoenix huwa na nyuzi 40 za Selsiasi au zaidi wakati Flagstaff iko kwenye 26 hivi. Kwa anayelala ndani ya bati, tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha kulala.

Sasa tazama kinachotokea ukame unapokaza. Juni 2021, huko Arizona, Idara ya Misitu ilifunga misitu ya Coconino, Apache-Sitgreaves, Prescott na sehemu ya Kaibab, karibu kwa mkupuo mmoja, hadi mvua za Julai zilipoanza. Usiku wa 31 Agosti mwaka huohuo ikafunga misitu yote 18 ya taifa ya California, zaidi ya eka milioni 20. Mei 2022 ikawa zamu ya New Mexico, moto wa Hermits Peak na Calf Canyon ulipokuwa ukiteketeza zaidi ya eka 340,000. Aliyefukuzwa msitu mmoja mara nyingi hakuwa na msitu wa jirani wa kukimbilia. Sehemu kubwa ya mwinuko wenye hewa ya baridi ilifungwa kwa wakati mmoja.

Hatudai kwamba misitu isifungwe. Magari yenyewe huwasha moto, na anayeishi ndani ya gari analijua hilo kuliko mtu yeyote. Masega ya eksozi, yaani kifaa cha kusafisha moshi wa gari, hufikia mamia ya nyuzi za joto, na ukiegesha juu ya nyasi kavu zinazogusa tumbo la gari, huhitaji kiberiti. Mnyororo wa trela unaoburuzwa lamini hutoa cheche. Moto wa Carr wa Julai 2018, kaskazini mwa California, ulianzia kwenye tairi la trela lililopasuka: rimu ikakwaruza lami, cheche zikarukia majani, na nyumba zaidi ya elfu moja zikateketea. Tena, moto ukilipuka bonde lililojaa wapiga kambi, wazima moto wanalazimika kuacha mstari wa moto na kuanza kugonga madirisha kwenye njia ambazo hakuna anayejua nani amelala wapi. Kufunga mapema kunaokoa maisha.

Tatizo letu ni namna amri zinavyoandikwa. Karibu kila amri ya kufunga ina orodha ya wasiohusika nayo: askari na wazima moto wakiwa kazini, wenye kibali maalumu, na wenye nyumba au shamba ndani ya mpaka wa msitu, kwa kiasi cha kuwawezesha kufika kwao. Anayeishi ndani ya gari hamo. Kanuni za Idara ya Misitu zinakataza kufanya msitu kuwa makazi bila kibali, kwa hiyo kwenye karatasi yeye ni mpiga kambi tu, na mpiga kambi anadhaniwa ana nyumbani pa kurudi. Adhabu ya kukiuka amri inaweza kufika faini ya dola 5,000 au kifungo cha miezi 6, au vyote viwili.

Basi ataelekea wapi? Akishuka bondeni, anashukia kwenye joto. Mwaka 2023 Phoenix ilipata siku 31 mfululizo zenye nyuzi 43 na kuendelea, na kaunti yake, Maricopa, iliorodhesha vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka huo. Ndani ya gari lililofungwa juani, joto huweza kupanda kwa nyuzi 10 hivi katika dakika 10 tu. Akiingia mjini, miji mingi inakataza kulala ndani ya gari au kupiga kambi barabarani, na tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya 28 Juni 2024 katika kesi ya mji wa Grants Pass, Oregon, miji ina nguvu zaidi ya kutoza faini na kukamata hata pale ambapo hakuna kitanda cha bure. Kambi za kulipia zenye umeme hugharimu makumi ya dola kwa usiku na hujaa siku ileile amri inapotoka. Kuna pia suala la kazi. Wengi wa hawa ni wapishi, wasafishaji wa hoteli, mafundi wa ujenzi na wasimamizi wa kambi za msituni katika miji ya milimani isiyo na nyumba za bei nafuu. Msimamizi wa kambi hupoteza kibarua na mahali pa kulala asubuhi moja.

Kwa aliye barabarani, au mwenye ndugu aliye barabarani, ishara huanza kabla ya amri. Masharti ya moto hupanda kwa hatua. Katika Hatua ya Kwanza, moto wa kuni unaruhusiwa tu kwenye kambi rasmi zenye mafiga ya chuma. Katika Hatua ya Pili hakuna moto wa kuni wala mkaa popote. Jiko la gesi lenye swichi ya kuzima kwa kawaida linabaki halali, mradi ardhi imefyekwa mita moja kuzunguka jiko. California, hata jiko la gesi nje ya kambi rasmi linahitaji kibali cha moto, ambacho ni bure. Hatua ya Pili ikitangazwa, ihesabu kama notisi ya kuhama. Jaza tangi la mafuta na usiliache lishuke chini ya nusu. Jaza maji, lita 4 kwa mtu kwa siku kwa kunywa na kupikia, za siku tano. Egesha pua ya gari ikielekea njia ya kutokea, mahali penye njia mbili za kutoka, juu ya udongo mtupu au changarawe. Kunja turubai la kivuli kila usiku. Kabla ya kuondoka funga valvu kwenye mtungi wa gesi wenyewe. Kuzima jiko pekee hakutoshi.

Usitegemee ramani ya simu, kwa sababu programu nyingi za kutafutia maeneo ya kulala hazionyeshi amri za kufunga. Fungua ukurasa wa tahadhari wa msitu husika, soma namba ya amri, tarehe zake na ramani iliyoambatishwa, kisha piga simu ofisi ya wilaya ya msitu na umuulize bwana misitu kuhusu barabara unayoitaka, ukiitaja kwa namba yake. Mpaka wa eneo lililofungwa mara nyingi hufuata barabara: upande mmoja umefungwa, wa pili uko wazi. Na ardhi ya jimbo iliyo jirani si kimbilio la moja kwa moja. Arizona, kulala kwenye ardhi ya amana ya jimbo kunataka kibali cha kulipia.

Moshi una taabu yake, na hapa wengi hukosea. Feni ya paa huwashwa kutoa hewa nje. Siku ya moshi hilo ndilo kosa: hewa inayotolewa lazima irudi, nayo hurudi ikiwa na moshi kupitia mianya ya milango na sakafu. Geuza feni iingize hewa ndani, kisha uifunike kwa filta ya daraja la MERV 13 (kipimo cha uwezo wa filta kunasa chembe ndogo), ukiziba kingo kwa tepu. Hewa ikiingia kwa msukumo, mianya itautoa moshi badala ya kuuingiza. Kama feni haigeuki, izime, ziba mianya, na ufunge filta ya inchi 20 kwa 20 nyuma ya feni ya boksi, ile ya mraba, inayozungusha hewa ya ndani, ukifuata mshale ulio kwenye fremu unaoonyesha hewa ipite upande gani. Filta ikiwa nyeusi, badilisha. Na usizibe kila mwanya huku ukipika kwa gesi, maana hewa ya sumu ya jiko haina harufu.

Tunayoyaomba kwa mamlaka za misitu na kaunti ni machache, na kwa kiasi fulani yapo tayari. Moto ukikaribia, kaunti nyingi hufungua viwanja vya maonyesho kupokea farasi na ng'ombe, penye maji, uzio na watu wa zamu. Viwanja vilevile, vikiwa kwenye mwinuko, vinaweza kupokea magari ya watu kwa wiki mbili tatu za hatari, kwa vyoo vya kukodi na bomba la maji. Amri ya kufunga itaje mahali hapo kwa jina. Notisi itoke saa 72 kabla, isipokuwa moto wenyewe umeshawasili. Tena ipelekwe kwa mkono, karatasi kwenye kioo cha gari, kwani mabonde mengi hayana mtandao. Na iandikwe kwa lugha zaidi ya Kiingereza na Kihispania. Phoenix na Tucson zina Wakongo wengi waliopokewa kama wakimbizi, nao wanasoma Kiswahili.

Na nyinyi wenye nyumba huko milimani, mwenye uwanja wa kuegesha anaweza kumsaidia mtu kwa siku chache bila gharama kubwa. Angalieni kwanza sheria za mtaa. Mpeni soketi yenye saketi yake mwenyewe, maana kiyoyozi cha paa hula wati 1,500 hivi na soketi ya kawaida ya Marekani hubeba 1,800, kwa hiyo friji au mashine ya kufulia ikiwa kwenye saketi hiyohiyo, umeme utajikata. Waya wa kurefushia uwe mnene, wa geji 12, usizidi mita 15, na ukunjuliwe wote. Ukiachwa umeviringishwa chini ya gari hupata moto, na chini ya gari ndipo nyasi kavu zilipo.

Ni sisi wasomaji wenu,
Arizona, Marekani