Uliza mpaka umetoka wapi

Kisumu

Kwako Mwalimu Nafula,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Barua yako nimeipata. Wanafunzi wako wa jiografia wanazikariri aina tatu za kanda vizuri tu: ya sifa moja (eneo lote lina sifa ileile), ya kitovu (eneo linalohudumiwa na sehemu moja, kama mji au kiwanda) na ya fikra (eneo jinsi watu wanavyoliwaza), ila wakipewa ramani wanakwama. Wanaanza na jina la mahali, na hapo ndipo wanapopotea. Waanze kwa kuuliza mpaka umechorwa kwa kigezo gani.

Hapo Nakuru mna mfano mzuri kuliko wetu. Bonde la Ufa la maumbile ni sakafu iliyodidimia kati ya kuta mbili, na mji wenu umo ndani. Mkoa wa Bonde la Ufa, uliotawaliwa kutoka Nakuru kabla ya kaunti kuanza kazi 2013, ulijumuisha hata miji ya Eldoret na Kericho iliyo juu, nje ya bonde. Zote mbili ni kanda za sifa moja, ila sifa ya kwanza ni umbo la ardhi na ya pili ni utawala. Anayechukua mvua ya mkoa mzima na kuiita mvua ya bonde anachanganya baridi ya Uasin Gishu na joto la Baringo.

Kanda ya kitovu ndiyo inayowasumbua zaidi, kwa hiyo wape miwa. Mashamba yote ya miwa, kuanzia Mumias hadi Muhoroni hadi Awendo, ni kanda ya sifa moja. Lakini mashamba yanayolisha kiwanda kimoja ni kanda ya kitovu. Muwa ukikatwa huanza kupoteza sukari, na ukikaa siku kadhaa kando ya barabara mbovu mkulima ameumia. Hapo mpaka unawekwa na saa ambazo trekta inatumia kufika kiwandani, kaunti haihusiki.

Kwa kanda ya kitovu ya mji, wapeleke steji. Waandike kila matatu inaelekea wapi, ngapi zinatoka kwa saa, na nauli. Wafanye hivyo siku ya soko na siku ya kawaida. Wakienda siku ya soko pekee, kanda itavimba. Kisha walinganishe na kanuni iliyotokana na kazi ya mtafiti wa biashara William Reilly ya 1931: miji miwili ikiwa kilomita 60 kati yake, na mmoja una watu mara nne ya mwenzake, mvuto wa wanunuzi hugawanyika kilomita 20 kutoka ule mdogo. Kanuni haijui kupanda mlima, kwa hiyo kwenye miinuko ya Nandi msiiamini sana.

Kanda ya fikra ni rahisi. Mtu wa Nairobi akisema “Western” mara nyingi anaitia Kisumu humo. Wa Kakamega haiweki humo. Wape watu ishirini ramani tupu wachore, kisha mzipandanishe. Wanapokubaliana wote ndipo kiini, na ukingoni mtie kivuli, msipige mstari. Ramani isiwe na mipaka ya kaunti, la sivyo wataifuatisha tu kwa kalamu.

Ramani tupu ninazo za kutosha. Niambie darasa lina wanafunzi wangapi.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako,
Ouma