Mtani wangu Masanja, kuhusu yule mtemi wa kura 122

Bordighera, Italia
24 Agosti 2025

Masanja, mtani wangu,

Salamu nakupa nusu. Nusu iliyobaki utaipata siku Wasukuma mtakapojua kutofautisha "kura" na "kula". Sisi huku Pwani hatuna shida hiyo, ingawa najua utajibu kwamba sisi tunachojua ni ya pili tu.

Barua yako niliisoma usiku, bibi ninayemtunza akiwa amelala. Nilipofika pale uliposema mfalme wa kupigiwa kura ni mwenyekiti wa kijiji aliyevishwa taji, nilicheka hadi akaamka na kuniuliza kama kuna msiba. Sasa tulia nikujibu, maana Jumatano iliyopita nilipata ruhusa nikapanda Seborga, hicho kijiji cha Italia kinachojiita nchi na kupigia kura mtawala wake, kwenye sikukuu yao ya Mtakatifu Bernardo, na nimerudi na hoja.

Seborga iko juu ya mlima, barabara ya kona tupu kutoka hapa nilipo. Watu kama 300. Njiani kabla hujaingia kuna kibanda cha mlinzi kimepakwa rangi nyeupe na buluu, kama mpaka wa nchi kweli. Ukishakipita unakuta kijiji cha mawe, paka wamelala kwenye ngazi, na harufu ya sungura anayepikwa kwa zaituni. Takataka zinazolewa na manispaa ya Kiitalia, kodi inakwenda Italia, na meya wao ni wa Kiitalia. Madai yao ya kuwa nchi yalifika hadi Mahakama ya Katiba ya Italia yakatupwa. Lakini mtawala wanaye, bendera wanayo, sarafu wanayo, na katiba pia.

Mambo yalianza na mkulima wa maua, Giorgio Carbone, aliyeongoza ushirika wa wakulima wa mimosa. Aliwaambia wenzake kwamba Seborga iliuzwa kwa ukoo wa Savoy, ambao baadaye ulitawala Italia, mwaka 1729 na mauzo hayo hayakuandikishwa ipasavyo, kwa hiyo kijiji hakijawahi kuwa cha Italia kihalali. Wakamchagua awe mkuu wao. Wao wanamwita "principe". Nilitaka kukutafsiria "mwanamfalme", nikasita: mwana wa mfalme gani, wakati alikuwa anafunga mashada ya mimosa? Nitasema mtemi, kama mtawala wenu wa jadi, na uniwie radhi.

Sasa kaa kitako. Alichaguliwa mwaka 1963. Mwaka ule ule sisi Tanganyika tulifuta mamlaka ya watemi na machifu kwa sheria. Babu yako anavuliwa utemi Usukuma, huku mwuza maua anavishwa kwenye mlima wa Liguria. Nimeliwaza hilo siku nne nzima nikiwa napiga pasi.

Hoja yako kuu ni kwamba kiti cha enzi ni cha damu, na kura inakichafua. Kwa Seborga hilo halisimami, na sababu yake nimeipata kule kule juu. Kwa jinsi wanavyosimulia historia yao, kabla ya mauzo ya 1729 kijiji kilikuwa mali ya watawa wa abasia ya Lérins, kule kisiwani Ufaransa, tangu mwaka 954. Mtawala alikuwa abate, mkuu wa watawa hao. Masanja, mtawa hana mtoto! Damu ingepitia wapi? Kwa hiyo Carbone alipoomba kura hakuwa anavunja mila, alikuwa anaifuata. Ukitaka kumkosoa, mkosoe kwa jambo jingine: alipochaguliwa alikaa hadi kifo chake mwaka 2009. Miaka 46! Hapo ndipo ningekuunga mkono, ila wewe hukugusa hapo.

Wenyewe waliligusa. Waliofuata wanapewa miaka saba saba. Mwaka 2010 wakamchagua mfanyabiashara, Marcello Menegatto, wakamrudisha 2017, na 2019 akajiuzulu. Hapo ndipo pana utamu wote. Waliogombea nafasi yake walikuwa wanawake wawili. Mmoja ni Laura Di Bisceglie, binti wa Carbone, yule ambaye sura ya baba yake iko kwenye sarafu. Wa pili ni Nina Menegatto, mzaliwa wa Ujerumani, aliyekuwa mke wa mtawala aliyejiuzulu na tayari wameachana, ila alikuwa ameshika mambo ya nje ya kijiji hicho kwa miaka. Kwa sheria yako, Laura angeshaapishwa jioni ile ile. Kura zilipohesabiwa, Nina alipata 122, Laura 69.

Nilimsimulia bibi yangu hapa, nikitegemea atamhurumia binti wa watu. Akasema damu ni ya kutengenezea soseji. Ndivyo alivyo.

Sitaki ufikiri nimelewa mvinyo wao. Kura ile inaniudhi mahali fulani. Mtu aliyekuwa wizarani wakati wa mumewe ana majina, simu na picha zote. Binti wa marehemu ana kumbukumbu tu. Ningekuwa mjumbe wa kuandika katiba yao ningeweka kifungu kwamba mwenye cheo akikaa pembeni mwaka mzima ndipo agombee. Wewe ungeweka nini? Usiniambie tena damu. Katiba yenyewe waliipitisha Aprili 1995 kwa kura 304, na waliokataa walikuwa wanne. Nilimuuliza mwenye duka wale wanne ni akina nani. Alinirudishia chenji akanyamaza. Kwenye kijiji kidogo kama kile kila mtu anawajua, na inaelekea bado wanasalimiana.

Damu nayo ina bei yake. Kulikuwa na mkulima wa ngano Australia, Leonard Casley, aliyegombana na serikali juu ya mgao wa ngano akatangaza shamba lake kuwa nchi mwaka 1970, Hutt River. Yeye alirithisha kweli: 2017 alimwachia mwanawe mdogo, Graeme. Kijana akapokea kiti pamoja na deni la kodi la mamilioni, na Agosti 2020 nchi ikafungwa. Alirithi kesi, mtani.

Halafu wewe, katika watu wote, unatetea damu! Ni wewe uliyenisimulia pale kituo cha basi Nyegezi, mvua ikitunyeshea, kwamba mtemi wa kwenu alichaguliwa na banang'oma, wazee wa baraza lake, kwa siri, mara nyingi kati ya watoto wa dada, wala si mtoto wa marehemu. Na mvua ikigoma, waliompa walimnyang'anya. Hiyo ni kura. Ilikuwa ya wazee wachache na bila sanduku, nakubali, lakini waliokaa wakachagua. Tofauti na Seborga ni kwamba kule bibi mwenye duka la mikate naye ana karatasi yake. Mimi nachagua ya Seborga. Ningependa tu waongeze ile ya kwenu ya mvua: kumwondoa katikati ya muhula. Miaka saba ni mingi kama mtu amekosea.

Ukihesabu saba tangu 2019, unafika 2026. Nikiwa bado huku, nitapanda tena kusikiliza wanavyobishana mgahawani. Kiitaliano changu kimekua, ila wakianza Kiligure nabaki kutabasamu.

Ndani ya bahasha nimekuwekea luigino moja, sarafu yao, ya zamani kidogo. Kijijini wanasema ni sawa na dola sita za Marekani. Mzee mwenye kidevu kizito ndiye Carbone. Ukiipeleka mwaloni Kirumba ukaomba sangara, nataka uniandikie walichokujibu, neno kwa neno.

Msalimie mama, mwambie dawa ya magoti naituma na mtu mwezi wa kumi.

Mtani wako wa Kisarawe,
Mwanaidi