Kwa Nini Njia ya Kiti cha Mama Ina Urefu wa Mita Tisa

Mwezi uliopita mteja wetu mmoja wa Goba, Dar es Salaam, alikataa kumalizia malipo ya njia ya mteremko tuliyomjengea mbele ya nyumba yake ili mama yake apite na kiti mwendo, yaani kiti cha magurudumu. Hakukataa kwa ubaya, alikuwa ameumia. Jirani alimwambia kwamba fundi anayemfahamu angeimaliza kazi ile kwa siku mbili na kwa mita tatu tu za zege, na kwamba sisi tuliirefusha hadi mita tisa ili tuuze saruji. Alitupigia simu usiku akatuambia maneno ambayo tumekwisha kuyasikia kwa wateja wengi kabla yake: "Niliwaomba njia ya kumpitisha mama, ninyi mmenijengea barabara." Tumeona ni haki yake, na ni haki ya kila anayejenga nyumba ya kuishi na wazazi na wajukuu chini ya paa moja, kuelezwa mita zile tisa zimetoka wapi.

Nyumba yake imeinuliwa sentimita 75 kutoka usawa wa uwanja, yaani ngazi tano za sentimita 15 kila moja. Kipimo tunachokifuata ni 1 kwa 12: kwa kila sentimita moja ya kupanda, njia iende mbele sentimita 12. Zidisha 75 kwa 12, utapata sentimita 900. Kipimo hiki hatukukitunga sisi. Kinatumika katika nchi nyingi, na viwango vya Marekani vinavyotokana na sheria yao ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 vinakitaja kuwa ndio ukomo wa ukali wa mteremko, tena haviruhusu mpando mmoja uzidi sentimita 76 hivi kabla ya kuweka jukwaa tambarare la kupumzikia. Nyumba ya Goba ilikuwa ukingoni kabisa mwa kipimo hicho.

Lakini namba peke yake haimridhishi mtu aliyetoa fedha zake, kwa hiyo tuseme jambo lenyewe lilivyo mikononi. Mtu mzima pamoja na kiti mwendo chake wanaweza kufikia kilo 90. Kwenye mteremko wa 1 kwa 12, anayesukuma anapambana na uzito unaolingana na kilo saba na nusu. Kwenye njia ya mita tatu kwa kimo kile kile, ambayo ni 1 kwa 4, anapambana na karibu kilo 22 kwa kila hatua, na akichoka katikati hawezi kusimama akapumua, kwa kuwa uzito ule unaendelea kumvuta arudi nyuma. Sasa jiulize ni nani anayemsukuma bibi siku za kazi. Katika nyumba ile ni mjukuu wake wa miaka 11, akitoka shule, wakati baba na mama bado wako kazini. Njia tuliijenga kwa nguvu za mtoto yule, si kwa nguvu za baba mwenye nyumba ambaye siku ya makabidhiano alikisukuma kiti kitupu mara moja akasema kwamba hata mteremko mkali zaidi ungefaa.

Kuhusu gharama, tunakiri kwamba njia ya mita tisa inakula kifusi mara tatu ya ile ya mita tatu. Kwa upana wa mita 1.2, ni kama mita za ujazo nne badala ya moja na theluthi, na bado hujahesabu jukwaa la mita moja na nusu kwa mita moja na nusu mbele ya mlango, ambalo bila hilo anayesukuma kiti hana pa kusimama wakati anafungua kitasa. Fedha nyingine inakwenda mahali ambapo jicho la mteja halifiki. Kifusi tunakishindilia kwa matabaka ya sentimita 15, tabaka baada ya tabaka, huku tukimwagia maji. Fundi anayemaliza kwa siku mbili anajaza kifusi chote kwa mara moja na kumwaga zege juu yake. Mvua za masika zikipita, kifusi kinatitia, zege linabaki linaelea, kisha linapasuka. Pembeni tunainua ukingo wa sentimita 10 ili gurudumu la mbele lisichomoke, na uso wa zege tunaukwaruza kwa ufagio mgumu kabla haujakauka, wala hatuweki tailizi. Tumebishana na wateja wengi kuhusu tailizi za kung'aa kwenye mteremko, na hapo hatukubali hata kama mteja ndiye anayelipa, kwa sababu tailizi hizo zikilowa haziwezi kukanyagwa na mzee mwenye mkongojo wala na mtoto anayekimbia.

Vyuma vya kushikia tunaviweka viwili kila upande, kimoja sentimita 90 kutoka chini na kingine sentimita 65. Wateja hudhani kile cha chini ni mapambo. Ni cha watoto, na pia ni cha bibi aliyeinama mgongo ambaye mkono wake haufiki juu.

Miaka minne iliyopita tulipoteza kazi moja Tabata kwa sababu ya bei. Mteja alichukua ramani yetu, akampa fundi mwingine, na fundi akaifupisha njia ili gari lipate nafasi ya kugeuzia. Baada ya miezi saba tuliitwa tena. Kiti kilikuwa kimemponyoka msichana wa kazi kwenye mteremko, babu akavunjika nyonga. Tulilipwa kubomoa zege, tukalipwa kubeba kifusi, tukalipwa kuhamisha chemba ya maji taka iliyokuwa imejengwa pale ambapo njia ingepita, kisha tukalipwa kujenga kile kile tulichokichora mwanzo. Hatukufurahia hata shilingi moja ya kazi ile. Babu hakurudi kutembea.

Hata hivyo, hata njia yetu ya mita tisa ni dawa ya kosa lililofanyika mapema zaidi. Kiwanja cha Goba kina mwinamo, kama vilivyo viwanja vingi vya huko. Nyumba imeelekezwa upande wa chini, barabarani, ili ionekane vizuri, na ndiyo maana mbele imenyanyuka sentimita 75 huku pembe ya nyuma ya msingi ikiwa karibu kulingana na ardhi. Kama tungeitwa kabla ya kuchimba msingi, tungeweka mlango wa pili ubavuni upande wa juu, tukasawazisha njia ya kupita kutoka getini, na mama angeingia ndani bila mteremko wowote wa kutajwa. Gharama yake ingekuwa ya mlango mmoja na kijia cha zege. Wateja wanaogopa kwamba mlango ulio sawa na ardhi utaingiza maji, na hofu hiyo si ya bure kwa mtu aliyeona bonde la Jangwani likifurika wakati wa mvua kubwa. Lakini kwenye kiwanja kisichotuama maji, mfereji mwembamba wenye wavu wa chuma mbele ya kizingiti, ukielekezwa mahali maji yanapoweza kwenda, pamoja na paa lililotokeza juu ya mlango, huimaliza kazi hiyo. Kuna viwanja ambavyo msingi mrefu hauepukiki, na huko tunasema hivyo wazi.

Jambo la pili linalotuletea malalamiko ni bafu. Desturi ya mafundi wengi ni kuishusha sakafu ya bafu sentimita tano hadi kumi ili maji yasitoke, na kuweka mlango wa sentimita 70, kwa kuwa "ni choo tu". Toa unene wa fremu na wa mlango wenyewe, nafasi inayobaki ni kama sentimita 60, na kiti mwendo cha mtu mzima kwa kawaida kina upana wa kati ya sentimita 60 na 70. Mlango wa sentimita 90 unaacha nafasi ya takriban 80. Wakati wa kujenga, tofauti hiyo ya sentimita 20 inakupunguzia tofali. Nyumba ikiisha, unakata ukuta kwa grinda, unavunja linta, yaani boriti ya juu ya mlango, unapiga plasta upya, unatafuta tailizi za rangi ambayo dukani haipo tena, na mlango wa zamani unabaki stoo. Sakafu nayo haihitaji kushushwa; inahitaji mwinamo wa sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji, na fundi anayeheshimu pima maji yake.

Vishikio vya chooni ndipo mahali ambapo wateja wanajaribu sana kubana matumizi. Wananunua chuma kizuri kinachong'aa, kisha mtu anakipiga kwa plagi za plastiki kwenye ukuta wa tofali zenye saruji kidogo. Mtu anayeteleza hukiangukia kishikio kwa uzito wake wote, na kishikio kinachong'oka ni hatari kuliko kutokuwepo, maana aliyekiamini hakushika kitu kingine. Sisi tunaacha nafasi ukutani kabla ya plasta, tunamimina zege pamoja na bolti zake, na tunafanya hivyo hata katika nyumba ambayo leo haina mzee. Bolti tunazifunika, na picha yake yenye vipimo tunampa mwenye nyumba aitunze pamoja na hati ya kiwanja.

Kwa wanaojenga ghorofa tuna ombi moja. Mteja wa Kigamboni alipanga vyumba vyote vya kulala juu, na chini akaacha sebule, jiko na choo cha wageni kisicho na bafu. Baba yake alipopata kiharusi alilazwa sebuleni, nyuma ya pazia, miezi kumi na minne, akisikia kila mgeni na kila mgeni akimwona. Tulimjengea chumba kwa kuchukua sehemu ya maegesho. Chumba kimoja chini, chenye bafu lake, kingemhifadhia mzee yule heshima yake tangu siku ya kwanza.

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa namna yao. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Magomeni ina ukumbi ulionyooka kutoka mlangoni hadi uani, vyumba kushoto na kulia, vyote chini, na mbele kuna baraza ambapo babu anakaa akiwaona wajukuu wakicheza na wapita njia wakimsalimu. Udhaifu wake ni choo cha uani na vizingiti virefu, na hivyo tumevirekebisha katika nyumba kadhaa bila kugusa baraza. Tunasikitika tunapoona baraza likivunjwa na ukuta wa futi nane kujengwa mahali pake, kwa kuwa mzee aliyekuwa kati ya watu anabaki na runinga.

Nyumba nzuri nayo inaishia getini. Mteja wetu wa Magomeni yuko dakika chache kutoka kituo cha mabasi yaendayo haraka, ambayo yalianza kutoa huduma mwaka 2016, na kituo chenyewe kina njia ya mteremko, na sakafu yake iko sawa na ya basi. Kati ya geti na kituo palikuwa na mtaro ulio wazi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalitambua suala la watu hawa kuyafikia majengo na huduma za umma, lakini mtaro ule haukungoja sheria: nyumba nne zilichangishana, wakapata ridhaa ya serikali ya mtaa, na tukafunika mita sita kwa mabamba ya zege yanayonyanyuka kwa ajili ya usafi. Kwa kila nyumba ilikuwa nafuu kuliko geti jipya. Leo vijana wa mtaa wanapitishia hapo mikokoteni ya maji, na kina mama wanapita na watoto wadogo wanaojifunza kutembea.

Tumemwomba mteja wetu wa Goba tukutane nyumbani kwake Jumamosi saa kumi alasiri, na hatudai salio hadi siku hiyo. Tutapanga mbao kwa mwinamo wa mita tatu ule uliosifiwa na jirani, tutamweka kitini fundi wetu mmoja, na mmoja wetu atasimama nyuma na kamba. Kwa yeyote mwingine anayetaka tukague kiwanja chake, ada ya ukaguzi inakatwa kwenye bei ya kazi, na ni bora tuje kabla ya kamba za msingi kupigwa. Tunaomba kiti kiwepo kama kipo, na awepo pia yule atakayekisukuma.