Mhariri, nundu ya usoni msiifananishe na ya mgongoni

Ndugu Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua niongee kidogo kuhusu safu yenu ya afya, ile iliyozungumzia uvimbe wa mafuta, mkasema lipoma haina madhara na ikikukera unafanyiwa upasuaji mdogo unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Sipingi. Yangu nimetolewa na siku hiyohiyo nililala kwangu. Ila mmeandika kama vile nundu ya mgongoni na ya usoni ni kitu kimoja, na hapo ndo nimeona nisinyamaze.

Mi ni kinyozi, Msamvu hapa Morogoro, mwaka wa 14 huu nashika mashine. Vichwa nimeviona aisee. Mapunye, mba, vile vipele vya kisogoni vinavyokomaa vinakuwa makovu magumu, vinundu vya kila namna. Na mwenyewe nilikuwa nacho kimoja kwenye paji la uso upande wa kushoto, juu ya nyusi kama vidole viwili hivi. Kilianza kama punje ya njegere, miaka ikaenda kikafika nusu ya ndimu. Hakiumi. Ila vile vya mkononi ukivibonyeza vinakwepa kidole, changu kilikuwa kimetulia tu, kigumukigumu, mpaka nikadhani ni mfupa. Wateja wakaniita Pembe. Nikaanza kuvaa kapelo, sasa kinyozi anayevaa kapelo ndani ya saluni yake mwenyewe watu wanajua tu ana mapunye, biashara ikaanza kuyumba ndo nikaenda hospitali.

Dokta wa kwanza alinigusa kama nusu dakika. Lipoma hiyo, tutakupiga ganzi tunakata hapo juu yake tunatoa, dakika 20 umemaliza, nenda kachukue tarehe. Nikauliza kovu litakuwaje akasema dogo. Nikauliza mkato utalala au utasimama, akaniangalia kama vile namfundisha kazi. Kwakweli swali langu lilikuwa la kinyozi, sisi tunajua mstari kwenye kichwa cha mtu ukikosea milimita mbili kila mtu anaona, na wetu unaota upya baada ya wiki, wa kwake hauoti. Tarehe ikafika sikwenda.

Kuna mteja wangu mmoja nesi wa chumba cha upasuaji, yeye ndo aliniambia usoni katafute bingwa wa sura na taya au wale wanaorekebisha maumbile, sio lazima ukatwe na yeyote aliye zamu. Nikajichanga nikaenda. Huyu wa pili kwanza aliniambia nyanyua nyusi kama mtu aliyeshtuka. Kinundu kikakaza hakiendi mbele wala nyuma. Akasema unaona, hiki hakiko chini ya ngozi tu, kiko chini ya ule msuli unaokunja paji, kimelala karibu na mfupa, na za kwenye paji nyingi ndo zinavyokaa. Akanituma ultrasaundi nayo ikasema hivohivo. Sasa fikiria yule wa dakika 20 angefungua ngozi akitegemea kukuta mafuta akakuta msuli, angefanyaje sijui, labda angejua la kufanya, ila mimi nisingejua kinachoendelea nikiwa nimelala pale macho wazi.

Halafu akachukua karatasi akanichorea. Njia ya kwanza ni kukata moja kwa moja juu ya uvimbe, ila mkato ufuate mkunjo wa paji, yaani ulale, ili baadaye kovu lijifiche kwenye kunyanzi. Ngozi inakatwa kwa kulala lakini msuli chini yake unapanuliwa kwa kusimama, kwasababu nyuzi za msuli zinapanda juu na mishipa ya fahamu inayotoka kwenye nyusi nayo inapanda juu, ukiikata kwa kulala utosi wote upande huo unakufa ganzi. Uvimbe unabanduliwa mzimamzima na kifuko chake, ukiacha kipande unaweza kuota tena.

Njia ya pili ndo ilinipa mawazo. Wanakata ndani ya nywele, wanapita chini kwa chini na kamera ndogo mpaka kwenye uvimbe wanautolea hukohuko, usoni hakuna alama yoyote. Tatizo inataka vifaa na mtu aliyezoea, mara nyingi ni nusukaputi, sio kila hospitali utaipata, na hela yake sio ya ganzi. Wengi wakisikia hakuna kovu usoni wanachagua hiyo fasta. Mi nikamwambia dokta subiri kwanza hapo ni kwenye fani yangu. Mstari wa nywele wa mwanaume wa miaka 30 sio atakaokuwa nao akiwa na 50, unarudi nyuma kama bahari ikikupwa. Kovu ulilolificha leo kesho liko nje, tena liko juu kabisa kwenye utosi halina hata kunyanzi la kulisitiri. Na mtu kama mimi ninayenyoa para ndo kabisa, ntakuwa nimehamisha tu alama kutoka mbele kwenda juu. Akacheka akasema hilo ni kweli. Mwanamke mwenye nywele zake nzuri mbele hiyo ni njia ya kufikiria, labda kama ni wale wa kusuka kwa kukaza mpaka macho yanavutika, maana na wao nywele za mbele zinakimbia.

Kuna na tundu dogo la kukamulia, linakuwa dogo kuliko uvimbe wenyewe, wanautoa vipandevipande. Hiyo ni kwa ule ulio juujuu tu chini ya ngozi. Kuna kunyonya kwa bomba kama wanavyonyonya mafuta ya tumbo, kovu ni nukta ila kifuko kinaweza kubaki. Na kuna sindano. Hapa mnisikilize vizuri kwasababu mtaani ndo zinapigiwa debe, eti sindano moja nundu inayeyuka. Za steroidi zinaweza kuupunguza uvimbe lakini ngozi juu yake inaweza kubonyea na kubaki na doa jeupe, na kwenye rangi yetu hii doa jeupe katikati ya paji ni bora nundu. Ile nyingine ya kuyeyusha mafuta, Marekani waliipitisha 2015 kwa ajili ya mafuta ya chini ya kidevu, sio lipoma. Sasa dada wa saluni ya urembo anakuchoma ya nini.

Na kuacha pia ni njia jamani, dokta mwenyewe alianza na hiyo. Kama hakikui, hakiumi na hakikunyimi usingizi, kaa nacho.

Nikachagua kunyanzi. Kabla ya tarehe akanikagua kifuani, mabegani na kwenye masikio kama nina makovu yaliyoota yakavimba, akauliza ndugu zangu wakikatwa makovu yanaota? Yule wa kwanza hakuuliza hata kama nina ndugu. Siku yenyewe sindano ya ganzi inaunguza kama pilipili kichaa kwa muda mfupi, baada ya hapo unasikia tu unavutwavutwa na mkasi unalia kwa karibu. Ilichukua karibu saa nzima, sio dakika 20. Wakanifunga bandeji imekaza kama kilemba. Kitu ambacho sikukitegemea, kesho yake macho yote mawili yalivimba yakabaki kamstari, nikapiga simu nimechanganyikiwa, kumbe uvimbe wa paji lazima ushuke na njia yake ni machoni. Nyuzi zilitolewa siku ya 6. Utosini upande wa kushoto nilikuwa sisikii kitu kama miezi mitatu, najinyoa nasikia mlio wa mashine lakini meno yake siyasikii, saa hizi pamerudi.

Nyama waliyoitoa nilipewa kwenye kikopo cha dawa nipeleke maabara, malipo yake pembeni. Najua wengi kikopo hicho kinaishia kwenye daladala au jalalani. Mi nililipa kwa shingo upande, majibu yakaja lipoma. Lakini ingekuwa sio je? Kinundu kigumu cha paji kinaweza kuwa mfupa umeota, kile chenye tundu jeusi kinachotoa uchafu unaonuka ni kifuko cha ngozi, na mara chache sana inakuwa saratani imejifanya mafuta. Kwa kidole hata uwe bingwa huwezi kuapa.

Sasa Mhariri kilichonifanya niandike ni mdogo wangu wa kike. Yeye yake iko shavuni karibu na sikio, kasoma makala yenu kanipigia simu kafurahi, kaka kumbe ni upasuaji mdogo, nimeshampata mtu huku anakata bei rahisi. Pale karibu na sikio kuna tezi ya mate na katikati yake unapita mshipa wa fahamu unaoendesha uso mzima, ukiguswa vibaya mdomo unaenda upande na jicho halifungi. Nimemwambia asiguse kitu mpaka nimpeleke kwa dokta wangu mwezi ujao, kanuna anadhani namcheleweshea harusi yake.

Basi naomba safu yenu ikirudi kwenye hili mchore uso, muweke paji, panja, shavu na taya, muonyeshe kila sehemu kisu kinakutana na nini chini ya ngozi. Mkimaliza mnitumie nakala moja niibandike pale saluni juu ya kioo, pale ilipokuwa imening'inia kapelo.

Kinyozi, Msamvu, Morogoro