Asidi haiuawi kwa magadi, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu nikiwa kazini, nimestaafu nalo, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia. Mkikosea jina la kijiji nanyamaza. Mkimpa marehemu picha ya mtu aliye hai nanyamaza, najua mwenyewe atakuja ofisini kwenu. Lakini ile habari ya wiki iliyopita, ya mwanafunzi wa kidato cha nne aliyeungua shingo na mkono kwenye vitendo vya kemia, imenishinda kumeza, hasa kile kisanduku cha ushauri mlichokiweka chini yake.

Mmeandika kwamba asidi ililipuka. Asidi ya salfuriki si baruti, haikai kwenye chupa ikalipuka. Mwandishi wenu mwenyewe anaeleza huko katikati kuwa mwalimu alikuwa akiipunguza makali kwa kumimina maji kwenye bika, kile chombo cha kioo cha maabara, lenye asidi. Habari yote ilikuwa hapo, naye kaipita kama basi la usiku lipitavyo kituo kisicho na abiria. Asidi kali ya asilimia 98 ni nzito, lita moja ina kilo 1.84. Ukiitia maji kwa juu yanaelea, yanashika joto pale yanapokutana nayo, yanachemka ghafla na kuruka, na yakiruka yanaondoka na asidi. Ndiyo maana maji hutangulia bikani, asidi ikafuata kidogo kidogo ikichuruzika ubavuni, unakoroga kwa kijiti cha kioo, na bika lenyewe limekaa kwenye beseni la maji baridi. Mstari mmoja tu wa hayo ungewasaidia walimu wangapi? Badala yake tumeelezwa rangi ya gari lililompeleka mtoto hospitali.

Sasa kisanduku. Mmewashauri wazazi na walimu kwamba mtu akimwagikiwa asidi apakwe magadi au soda ya mandazi ili kuiua. Nani kawaambia? Magadi yakikutana na asidi hutoa povu na joto, na joto hilo linatoka juu ya ngozi ambayo tayari inaungua. Tena wakati nyinyi mnatafuta mkebe wa magadi, asidi haiwasubiri, inaendelea kula. Dawa ya kwanza ni maji, maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, nguo zilizolowa zivuliwe hapo hapo, mambo ya haya yatazungumzwa baadaye. Jichoni ni maji vilevile, kope zishikwe wazi kwa vidole hata mtoto akipiga kelele namna gani. Aliyeimeza asitapishwe, maana ikipanda itaunguza tena njia ile ile iliyoshukia. Magadi yana kazi yake, ni ya kumwagwa sakafuni na juu ya meza watu wakishatoka. Asali, yai bichi, dawa ya meno na unga wa ngano havina kazi yoyote pale, na nasema hivyo kwa sababu nimeviona vikiletwa.

Shule niliyokuwa fundi maabara siitaji, waliokuwepo watajijua. Mwalimu wa kemia alihamishwa katikati ya muhula, mtihani wa vitendo umeshakaribia, akakaimishwa mwalimu wa hesabu. Kijana mchapakazi, sina ugomvi naye, ila kemia aliagana nayo zamani. Mimi nimeitwa ofisini kusaini leja ya vifaa, mara nikasikia yowe. Kufika nakuta binti kajishika upande wa uso, na kola ya shati lake jeupe la sare imeshaanza kugeuka kahawia. Nikamvuta hadi kwenye sinki, nikafungua koki, ikakohoa hewa. Bomba la shule lilikuwa linatoa maji siku mbili kwa wiki, na siku ile haikuwamo. Tukakimbilia jikoni. Mama mpishi alikuwa na mapipa mawili ya maji ya kupikia maharage, akasema hayo ni ya chakula cha watoto. Nikamwambia, mama, mtoto mwenyewe ndiye huyu. Hakuuliza tena. Alishika kata akaanza kumwagia kwa mkono wake, pipa la kwanza likaisha akahamia la pili, wakati huo mwalimu mmoja anakuja mbio na magadi, mwingine na dawa ya meno, nami nikawarudisha wote kwa maneno ambayo hamtayachapa. Ile kola tulipoivua ilibaki mkononi mwangu vipande vipande. Daktari alituambia wazi kwamba jicho limeponywa na yale maji, la sivyo lingekuwa limekwenda. Kovu la shingoni analo mpaka leo. Siku ile shule nzima ilikula jioni, na kikao kilipokaa unajua ajenda ilikuwa nini, Mhariri? Ilikuwa ni nani aliyeidhinisha matumizi ya maji ya jikoni. Nilisimama nikajibu kwamba ni mimi, na kama kuna fomu ya kuomba maji wakati mtoto anaungua, naomba nionyeshwe ilipo. Haikuonekana. Nikaandikiwa barua ya onyo ya utovu wa nidhamu, ninayo kabatini, karatasi nzuri yenye mhuri.

Jambo jingine ambalo habari yenu haikuuliza ni hili, chupa nzima ya asidi kali ilifuata nini mbele ya wanafunzi? Kutengeneza lita moja ya myeyusho hafifu wa moli 0.1 kwa lita, ambao unatosha kabisa kwa kazi ya bureti na pipeti, yaani ile mirija ya kupimia vimiminika, unahitaji mililita tano na nusu hivi tu za asidi kali. Chupa ya lita mbili na nusu, ikitumika kwa akili, inaweza kuzeeka shuleni kuliko mkuu wa shule. Kwenye vipimo vya kutambua chumvi za kikemia, kama kile cha pete ya kahawia kinachotambua naitreti, yanatakiwa matone. Kazi ya kupunguza makali ni ya mtu mmoja anayejua, amevaa miwani ya kinga, glavu na koti, kabla darasa halijaingia. Wanafunzi wakute chupa ndogo zenye lebo. Hapo kwenye lebo nako kuna kilio, maana asidi nimeikuta kwenye chupa ya maji ya kunywa, imeandikwa kwa kalamu ya wino ambao umeshafutika, imesimama rafu moja na spiriti.

Mnaikumbuka michango ya maabara? Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, na mwaka 2014 tulikimbizana na watendaji wa kata, asiye na fedha akabeba mawe na mchanga. Sijutii, watoto walistahili. Lakini ingia leo kwenye baadhi ya majengo yale. Meza za zege zipo, sinki zipo, koki zinang'aa, na ukifuatilia bomba kwa nyuma unakuta limeishia ukutani. Halijaunganishwa na kitu. Tukaambiwa maji ni awamu ya pili. Asidi ikaja awamu ya kwanza.

Agosti 2013, wasichana wawili wa Kiingereza walipomwagiwa tindikali pale Mji Mkongwe, Zanzibar, dunia nzima ilijua, na ilistahili kujua, ule ulikuwa unyama. Ikimwagika kwa uzembe darasani inaitwa ajali, anaandikiwa mzazi barua ya pole, basi yamekwisha. Wakati Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani tunayo tangu 2003, na Mkemia Mkuu wa Serikali yupo, na muuzaji wa kemikali hizi anatakiwa awe amesajiliwa. Nenda sasa hivi duka lolote la vipuri, taja maji ya betri, ambayo ni asidi hii hii ya salfuriki iliyopunguzwa makali, uone kama utaulizwa hata jina.

Na nikiwa bado na kalamu mkononi, hebu tumeni mwandishi sokoni akaangalie madumu. Yale ya bluu, mazito, yenye mfuniko mwekundu, yanayogombaniwa na akina mama kwa sababu hayapasuki. Yalibeba nini kabla ya kubeba maji? Muuzaji atakwambia mafuta ya kula, wakati kibandiko kimebanduliwa nusu na picha ya mkono unaotobolewa na tone bado inaonekana. Mimi nilimzuia jirani yangu asichachulie togwa ya harusi kwenye dumu la namna hiyo, mpaka leo ananisema kwamba naona wivu. Habari hiyo hamjaiandika hata mara moja. Mnasubiri nini, harusi nzima ilale wodini?

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji semina wala posho. Kuanzia sasa mgeni rasmi yeyote, awe mkuu wa wilaya, mbunge au waziri, akija kuzindua maabara asipewe mkasi. Utepe uachwe hapo hapo. Akunje shati mpaka kwenye kiwiko, akinge mkono kwenye sinki la maabara ya kemia, koki ifunguliwe, na fundi maabara asimame kando na saa. Zikitimia dakika 20 maji yakiwa bado yanatoka, akate utepe, ngoma ipigwe, tule wali. Yakikatika dakika ya tatu, apande gari lake arudi alikotoka, na siku ya kuja tena apangiwe na fundi bomba.

Na kisanduku chenu cha magadi mkisahihishe ukurasa ule ule mlioutumia, kwa herufi za ukubwa ule ule. Msikisahihishe pale chini ya matangazo ya viwanja ambako huwa mnaficha masahihisho yenu.

Fundi maabara mstaafu,
Morogoro