Madaktari, mtuambie habari ya mfupa kabla hamjang'oa jino

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo limeniuma sana.

Mwaka 2016 niling'olewa magego mawili ya chini kushoto, nikapigwa ganzi, nikapewa pamba ya kung'ata, nikaambiwa nisisukutue mpaka kesho yake, basi nikaenda zangu nyumbani. Hakuna aliyeniambia kwamba jino likitoka mfupa wa taya uliokuwa umelishika nao unaanza kupungua, na kasi kubwa ni mwaka ule wa kwanza. Miaka yote hiyo natafunia kulia tu, muhogo wa kuchoma nimeshausahau, na gego la juu limeanza kushuka kufuata pengo.

Mwaka jana nikajikusanya nikaenda kuulizia implanti, yani jino la bandia linalokaa juu ya skrubu iliyozamishwa kwenye mfupa wa taya, daktari akaniwekea picha ya eksirei kwenye kioo, yani penye pengo mfupa umebonyea kama godoro kuukuu. Akasema skrubu ikiingia hapo itaugusa mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya, kwahiyo nipandikizwe mfupa kwanza, nisubiri miezi, ndo iwekwe skrubu, nisubiri tena kama miezi mitatu mpaka sita taya iishike vizuri, ndo nivikwe jino. Bei ikapaa, na bima yangu hailipi hata shilingi.

Na hii sio teknolojia ya jana. Mtafiti Brånemark wa Sweden aligundua tangu 1952 kwamba mfupa unaishika titani, yani metali ya hizo skrubu, mpaka haibanduki, alikuwa anachunguza sungura, na mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wa kwanza, ambaye alizitumia skrubu zake miaka 40 mpaka anafariki. Sidai kila mtu aweke, hela yenyewe iko wapi, na wengi meno ya kuvaa na kuvua yanawatosha kabisa, na mwenye sukari isiyotulia au anayevuta sigara lazima ayaweke sawa hayo kwanza maana skrubu inaweza isishike. Ninachoomba ni maneno mawili matatu kabla koleo halijaingia mdomoni: jino hili linaweza kuzibwa au halizibiki, likitoka mfupa utapungua, kama unafikiria implanti tupange leo. Dakika mbili tu jamani.

Mama yangu mdogo anang'olewa gego Alhamisi hii, nimeomba ruhusa kazini niende naye nikaulize mwenyewe.

Msomaji wenu, Temeke, Dar es Salaam