Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Leseni, Msaada na Watunzaji wa Programu Tunazozitegemea

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji nawaletea taarifa ya mwaka. Mambo ya fedha na ya wanachama wapya yamo katika taarifa za mweka hazina na katibu, nami sitayarudia. Nitakaa zaidi kwenye jambo lililotushughulisha kuliko yote: leseni za programu za usalama tunazowashauri watu wazitumie, na hali ya wanaozitengeneza.

Swali lililozidi mengine kwenye dawati la msaada lilihusu kingavirusi. Mtu anapakua programu isiyolipiwa, anaiweka kwenye kompyuta zote za ofisi, kisha anashangaa inapoanza kumdai leseni. Ukisoma masharti unakuta ruhusa ilikuwa ya matumizi ya nyumbani tu. Hana lawama, kwani hakuna aliyemweleza mapema. Kwa hiyo kamati imeagiza kwamba anayehudumu dawatini aulize kwanza programu itatumiwa na nani na kwa kazi gani, ndipo ataje jina la programu. Kingavirusi ya ClamAV, kwa mfano, hutolewa chini ya GPL toleo la 2, leseni inayomruhusu yeyote kuitumia programu, kuibadilisha na kuisambaza kwa masharti yake, na ofisi yoyote inaweza kuitumia bila kuomba ruhusa. Lakini tuseme ukweli wote: kwenye Windows haikagui yenyewe kila faili linapofunguliwa, ni lazima uiagize. Tena matoleo yake yaliyopitwa na wakati huzuiwa kupokea orodha mpya za virusi, hivyo anayeiweka na kuisahau hana kinga.

Wapo waliouliza kwa nini chama cha watu wa kompyuta kijiingize katika masharti ya kisheria. Jibu langu ni yaliyokwisha kutokea. Nessus, programu ya kutafuta udhaifu kwenye mitandao, ilianza mwaka 1998 chini ya GPL. Mwaka 2005 toleo la 3 lilifungwa, yaani msimbo wake (maagizo yanayoiunda programu) haukutolewa tena kwa umma. Walioitegemea hawakubaki mikono mitupu, maana leseni ya matoleo ya awali iliwaruhusu kuuchukua msimbo na kuuendeleza, na humo ikazaliwa OpenVAS, programu ya kazi ile ile. Tazameni sasa TrueCrypt, iliyotumiwa na wengi kufunga diski zao kwa usimbaji fiche, yaani kuzigeuza data zisisomeke bila nywila. Mei 2014 waandishi wake, ambao hawakuwahi kujitambulisha, waliwatangazia watumiaji kwamba haikuwa salama tena, wakaiacha. Msimbo ulisomeka na kila mtu, ila leseni yake waliitunga wenyewe na haikuwamo kwenye orodha ya zilizoidhinishwa na Open Source Initiative, shirika linaloidhinisha leseni za programu huria. VeraCrypt imeiendeleza kazi hiyo vizuri, na bado sehemu ilizorithi zimefungwa na masharti yale yale. Ndiyo maana nasisitiza tuisome leseni kabla hatujampendekezea mtu programu, si baada ya mtengenezaji wake kuondoka.

Sababu mojawapo iliyotolewa Nessus ilipofungwa inaniuma hadi leo: waliokuwa wakiitumia walikuwa wengi, waliokuwa wakirudisha mchango walikuwa wachache mno. Hali hiyo haijatuacha. Hitilafu ya Heartbleed ilipotangazwa Aprili 2014, ilikuwa imekaa ndani ya OpenSSL, maktaba ya msimbo ambayo programu nyingine huitumia kusimba mawasiliano, tangu toleo la 1.0.1 la mwaka 2012. Maktaba hiyo ililinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti duniani, na wakati huo ilikuwa na mtu mmoja tu aliyeifanyia kazi muda wote. Kampuni tajiri ziliitumia bila kuuliza anaishije.

Machi 2024 tuliona ubaya mwingine. Katika xz, programu ya kubana mafaili iliyotunzwa na mtu aliyejitolea, mgeni alijenga imani kwa zaidi ya miaka miwili hadi akapewa mamlaka, kisha akaficha mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Kabla ya hapo, akaunti nyingine zilikuwa zikimshinikiza mtunzaji kwa maneno makali kwamba anachelewa, amwachie mwingine. Tuliokolewa na Andres Freund, mhandisi aliyeona kuingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kuiendesha kompyuta ukiwa mbali, kumechelewa kwa takribani nusu sekunde, naye hakukubali kulipuuza.

Nawaomba mliandike hili moyoni mnapowasiliana na watunzaji. Ripoti ya hitilafu itaje toleo, mfumo na hatua za kuirudia. Udhaifu wa usalama upelekwe kwa faragha kwanza, ili kiraka cha kuurekebisha kitoke kabla ya wavamizi kujua. Anayetaka haraka ajitolee kupima marekebisho, au atafsiri maelekezo. Mtu anayefanya kazi bila ujira hadaiwi kwa ukali.

Mkutano mkuu utaletewa maazimio mawili. La kwanza, sehemu ya ada zetu itengwe kila mwaka kwa watunzaji wa programu tunazozitegemea zaidi, wanachama wenyewe wakizichagua kwa kura. La pili, kila programu kwenye orodha yetu ya mapendekezo iandikiwe leseni yake na anayeruhusiwa kuitumia, kwa lugha ya kawaida. Mwenye marekebisho ayafikishe kwa katibu kabla ya siku ya mkutano.

Nawashukuru kwa dhati wote waliohudumu dawatini, hasa waliojibu maswali yale yale bila kuchoka.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti